Mama akikuuliza "mwanangu yuko wapi", usimjibu kwa Kigiriki

Kaka yangu tulimzika kihambani, yaani kwenye shamba la ukoo, Old Moshi, kati ya migomba, bila kengele wala mchungaji. Alikuwa ametengwa kanisani kwa kuishi na mwanamke bila ndoa, na alikufa kabla hajarudi kundini. Wazee wa kanisa walikuja kama majirani tu, wakakaa kwenye viti vya plastiki, kofia mapajani. Hilo tulilitegemea. Tusilolitegemea ni mhubiri mmoja, simtaji yeye wala dhehebu lake, aliyeomba dakika tano za neno la faraja. Akatumia dakika hizo kutueleza kwamba saa ile ile marehemu alikuwa anaungua, na kwamba moto huo hauna mwisho. Mama alikuwa amekaa hatua tatu kutoka pale aliposimama.

Usiku watu walipopungua akaniuliza, "Baba, mwenzako yuko wapi?"

Sikuwa na jibu. Nikarudi Arusha kwenye kibanda changu cha kuchomelea mageti, na kwa miezi kadhaa nikawa nasoma kila nilipopata nafasi, hata kwenye Coaster kati ya Usa River na Boma Ng'ombe. Niliporudi kwa mama nilikuwa na daftari limejaa. Nikamweleza kwamba neno "milele" la Mathayo 25:46 kwa Kigiriki ni aionios, limetokana na neno lenye maana ya zama, na kwamba wapo Wakristo wanaosema adhabu ile ni ya zama zijazo, si lazima iwe isiyoisha. Nilieleza kama mwalimu wa kipaimara. Mama alikuwa anamenya ndizi za mtori. Akaniacha nimalize, kisha akasema, "Nimekuuliza mtoto wangu, wewe umeniletea Kigiriki."

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza unatokana na aibu ile. Anayeuliza habari za jehanum akiwa na kaburi bichi uani hajakuomba somo. Kaa naye. Daftari libaki kwenye begi.

Siku ya mjadala wenyewe nayo itafika, na kwetu huku haikawii, maana Krismasi ukoo mzima unapanda mlimani. Angalia kwanza nani yuko mezani. Kwetu mama ni Mlutheri, mke wangu Mkatoliki wa Kibosho, shemeji yangu Msabato kutoka Upare, binamu kaokoka yuko Sakina. Wote wanasema "jehanum" na kila mmoja ana picha yake. Msabato haamini mateso yasiyoisha kabisa. Kwake mwovu atateketea awe hayupo tena, na atakusomea Mathayo 10:28 kuhusu kuangamiza mwili na roho. Mkatoliki anaamini moto wa milele, ila ana toharani pia, pa kutakasiwa baada ya kufa, na anawaombea marehemu wake. Nimeshaona watu wakizozana saa nzima kumbe kila mmoja anagombana na fundisho ambalo mwenzake hana.

Maneno nayo yatenganishe. Biblia yetu ya Kiswahili imetusaidia hapa kuliko tunavyojua. Tajiri wa Luka 16 yuko kuzimu, neno la ukoo mmoja na mizimu, mahali pa wafu. Mathayo 5:22 inasema jehanum, na hilo linatoka kwenye Bonde la Hinomu nje ya Yerusalemu, ambako Yeremia analaani watu waliochoma watoto wao kwa moto. Ni maneno mawili tofauti, lakini mhubiri akishapata kipaza sauti anayachanganya.

Halafu usiwe kama mimi nilivyokuwa, wa kubeba mistari ya upande mmoja. Nilikuwa na 1 Wakorintho 15:22, kwamba katika Kristo wote watahuishwa. Nilikuwa na 1 Timotheo 4:10, Mwokozi wa watu wote, hasa wa waaminio. Nilijiona nimemaliza kazi. Mzee mmoja wa jumuiya yetu, mstaafu mpole, akanifungulia tena ile ile Mathayo 25:46 na kuniuliza: kama "milele" ya adhabu ina mwisho, "milele" ya uzima iliyo kwenye sentensi hiyo hiyo nayo ina mwisho? Nilikaa kimya. Baadaye nikagundua kwamba hoja hiyo ni ya Augustino, mwalimu wa Kanisa la kale aliyefariki mwaka 430, na kwamba wenye mtazamo wangu, kuwa mwishowe wote wataokolewa, wana jibu lao. Lakini siku ile sikuwa nalo, na nilistahili.

Tena kwa sisi Walutheri kuna jambo la kujua kabla hujamvizia mchungaji kwa swali mbele ya semina nzima. Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, tamko la imani yetu, kifungu cha 17, linawakataa waziwazi wanaofundisha kwamba adhabu ya waliolaaniwa itakuwa na mwisho. Wamisionari wa Leipzig, Ujerumani, walioanza kazi Machame mwaka 1893 walikuwa Walutheri wa Ungamo hilo, na mchungaji wako ameapa kulifundisha. Ukimbana hadharani atakujibu kwa kiapo, hawezi vinginevyo. Mfuate ofisini kwake. Wangu alinipa chai, akanisikiliza kwa muda mrefu, hakubadili msimamo wake, ila alikuja kuomba na mama.

Aliyenigeuza kichwa zaidi ni mjane mmoja. Mumewe alipofariki mashemeji walimpora kihamba, wakamwachia jiko na watoto wanne. Siku moja, nikiwa nasifia wokovu wa wote, akanikata: "Ukiniondolea ule moto, hawa watanijibu wapi?" Tangu siku hiyo siwezi kuwasikiliza wanaozungumzia wokovu wa wote kana kwamba Mungu atafumba macho tu. Nikarudi kusoma tena. Origen wa Aleksandria, mwalimu wa Kanisa wa karne ya 3, alitumaini kurejezwa kwa vyote, na mafundisho yanayohusishwa na jina lake yalikuja kulaaniwa wakati wa Mtaguso wa Pili wa Konstantinopoli, mkutano mkuu wa maaskofu, mwaka 553. Askofu Gregori wa Nisa, aliyekuja baada yake, alitumaini vivyo hivyo na bado anaheshimiwa kama mtakatifu. Na Gregori hakuuondoa moto. Anatoa mfano wa kamba iliyokaukiwa na tope zito, inavutwa kupitia tundu jembamba mpaka tope lote libanduke, na inauma kadiri tope lilivyo nene. Nilimpelekea mjane mfano huo. Akafikiri kidogo, akasema mashemeji zake tope lao litachukua muda. Mtu anayeishi kwa kugonga kutu kwenye vyuma, kama mimi, hasumbuki kuelewa hilo.

Mimi natumaini upande wa Gregori. Natumaini, sifundishi. Mistari ya upande wa pili ipo, Ufunuo 20:10, ya mateso ya milele na milele, haijafutika, na anayeamini adhabu ya milele si lazima awe na moyo mgumu. Yule mzee mstaafu ndiye aliyechimba kaburi la kaka yangu tangu alfajiri.

Ila kwa jambo moja sirudi nyuma: usimpangie marehemu mahali. Kanisa Katoliki, pamoja na kufundisha jehanum ya milele, limewatangaza watakatifu kwa majina yao, lakini halijawahi kumtangaza mtu hata mmoja kwa jina kwamba yuko motoni. Sasa jamaa wa dakika tano chini ya turubai alipata wapi orodha? Ukiwa msemaji wa familia, muulize mapema kila anayeomba kuongea anataka kusema nini, na kipaza sauti kikae mkononi mwako. Sisi tuliona haya kumkatiza mgeni.

Krismasi inakuja tena. Shemeji ameshanitumia Malaki 4:3 kwenye simu, waovu watakuwa majivu, na alama tatu za kucheka. Nimemjibu Wakolosai 1:20, vitu vyote kupatanishwa na Mungu. Tumekubaliana tutamalizana nyuma ya banda la ng'ombe, mama asikotusikia.