Azizi Johari bado yuko kwenye kioo

Mwezi huu maswali matatu yamegongana kwenye kitu kimoja, gemu la kompyuta la kushuka mashimoni linaitwa Dungeon Master, la 1987, kwa hiyo nimeyaweka pamoja. Ya printa na betri za laptopu subirini toleo lijalo jamani.

SWALI: Kaka za kazi? Nimeona jamaa anacheza Dungeon Master, kuta za mawe tu na giza, ila watu wazima wanalisifia kama nini sijui. Laptopu yangu ina ramu ya GB 4, gemu za sasa zinaiua kabisa. Hili linachezeka leo au ni wazee tu wanakumbuka utoto wao? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Njema mdogo wangu. Linachezeka, tena kuhusu laptopu usiwe na hofu hata kidogo, Atari ST, kompyuta ya zamani ambayo kampuni ya FTL Games ililitengenezea gemu hili, ilikuwa na kilobaiti 512, yani we una kumbukumbu mara 8,192 ya ile, na gemu zima lilikuwa linaingia kwenye flopi moja. Kama unatumia Windows tafuta Return to Chaos, hiyo ni bure, jamaa mmoja alilitengeneza upya linafanana na la asili. Au weka Hatari, ndo jina lake hilo nisieleweke vibaya, ni programu inayojifanya Atari ST ndani ya kompyuta yako.

Sasa hadithi. Kulikuwa na mchawi mkubwa, Bwana wa Kijivu, alienda kung'oa kito cha nguvu kikamlipukia, akagawanyika wawili, mmoja wa mpangilio na mmoja wa vurugu, huyo wa vurugu anaitwa Lord Chaos na amejichimbia chini ya mlima. We ni Theron, mwanafunzi wake, ila umebaki roho tu huna mwili, ndo maana unaingia kwenye ukumbi wenye vioo, kila kioo kina shujaa aliyefia humo, wako 24 na unachagua wanne wa kushuka nao. Na hapa ndo nilicheka peke yangu usiku, maana kwenye kioo kimoja kuna dada anaitwa Azizi Johari! Azizi, Johari, kama jina la bibi harusi wa Tanga, katikati ya gemu la Wamarekani wa San Diego. Kuna mwingine Elija Simba wa Yaitopya, na mwingine wamemwita Nabi the Prophet, ambayo kwa sisi ni kama kumwita mtu Nabii Nabii. Azizi huwa simwachi, ni mpiganaji ana mambo ya kininja, mtupie visu arushe.

Ila swali lako ni kama linachezeka. Nikwambie ukweli, nusu saa ya kwanza utaona linaboa. Unatembea kwa miraba, hatua moja mraba mmoja, ukigeuka unageuka nyuzi 90 pap, na kuta zinafanana kila ghorofa mpaka macho yanachoka, hapo silitetei. Kinachotokea ni kwamba baada ya kupotea mara mbili tatu unagundua hamna ramani. Hamna mshale wa kukuonyesha uende wapi wala orodha ya kazi, hakuna anayekukumbushia kwamba ule mlango wa kushoto ulikuwa unataka ufunguo wa dhahabu, ni kichwa chako tu na karatasi. Mi nilichukua daftari la hesabu la mwanangu lenye viboksi nikaanza kuchora, mke wangu akaliona asubuhi akadhani nachora nyumba ya kujenga, akaniuliza mbona jiko halipo na hivi vyumba vya wageni vingi hivi vya nini. Nikamwacha na furaha yake siku nzima.

Ghorofa ziko 14 kwenda chini, na mi nadhani hiyo kazi ya daftari ndo gemu lenyewe. Ukicheza huku simu imefungua maelezo ya njia umelimaliza wikiendi mbili na hujacheza kitu. Gemu za sasa zinakukumbukia kila kitu, mi mwenyewe nazipenda, lakini siku tatu baada ya kumaliza moja siwezi kukuchorea hata chumba kimoja. Ghorofa ya pili ya Dungeon Master naweza kukuchorea sa hivi nyuma ya bahasha.

Halafu uchawi. Huchagui kwenye orodha, unauandika kwa alama, kwanza ya nguvu afu zinazofuata. LO FUL inakupa mwanga. LO FUL IR ni mpira wa moto. Ukimpa mtu chupa tupu mkononi ukaandika LO VI inakuwa dawa ya kuponya. Na yote hiyo unaandika wakati jitu linakuja, maana muda hausimami, ukifungua begi kutafuta mkate we tafuta lakini wao wanatembea. Kwa 1987 hiyo ilikuwa habari kubwa, Wizardry ya 1981 na wenzake walikuwa wa zamu zamu, piga nikupige. Hapa mikono inatetemeka na unakosea alama, mchawi wako anabaki kakodoa macho. Raha sana hiyo.

SWALI: Kaka yangu, mie nishaanza kulicheza, niko ghorofa ya nne na watu wangu wanakufa njaa, mienge yazimika, mmoja kashakufa. Nianze upya ama vipi? (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Usianze upya dada, pole. Aliyekufa kaacha mifupa, iokote, usiiache hapo. Tafuta madhabahu yenye alama ya VI, ni kishimo kwenye ukuta, nyinyi wa Mwambao mnakijua kama kidaka, weka mifupa mle atarudi. Mienge achana nayo taratibu, mfundishe mtu LO FUL na aiseme kila mara hata kama mwanga upo, kwa sababu humu ujuzi unapanda kwa kutenda, anayesoma uchawi anakuwa mchawi, anayerusha vitu anakuwa ninja. Mi wote wanne nawasomesha, hata Halk, yule shujaa mwingine wa kwenye vioo, pande la mtu ambaye ukimwona tu unajua shule hakuipenda.

Chakula: wale uyoga wanaopiga kelele wanaliwa. Waue, okota vipande, na wanazaliwa tena, kwa hiyo ukipata eneo lao liweke alama kwenye daftari kama shamba lako. Maji jaza kiriba kila ukiona chemchemi ukutani, hata kama kimejaa nusu. Jitu gumu usipigane nalo uwanjani, liite mpaka chini ya mlango wa kitufe afu bonyeza, mlango unashuka kichwani, unapanda, unashuka tena, mpaka likate moto. Sio ushujaa ila linakufa. Na huko chini zaidi utakutana na vibaka wadogo wanacheka, wanakwapua kitu mkononi na kukimbia kama wale wa stendi, siku hiyo usishike silaha yako nzuri bila kuangalia mbele.

Kusevu, sevu popote unapotaka, ila usifute ile ya zamani. Mi nilifuta, nikajikuta nimesevu ndani ya chumba nisichotoka.

SWALI: Nacheza nikitoka kazini, saa moja tu kwa siku. Nianze na hilo au Legend of Grimrock? Afu mwisho wake ukoje? (Msomaji, Muscat)

JIBU: Kwa saa moja anza na Grimrock. Ya 2012, timu ndogo ya Finland, walilipenda Dungeon Master mpaka basi na inaonekana kila kona, miraba ile ile, watu wanne wale wale, uchawi wa kubonyeza alama, ila picha ni za kisasa na ramani inajichora yenyewe. Mwanzoni kuna sehemu ya kuzima ramani, izime. Ukiipenda bila ramani, basi we ni wetu, hamia kwa la 1987.

Mwisho sikwambii wote. Unatumwa kuleta fimbo, Firestaff. Ukishaipata utatamani kupanda juu mbio ukamkabidhi aliyekutuma, yule wa mpangilio, kama ulivoagizwa. Usipande. Ile fimbo inataka kuunganishwa na kile kito kilicholipuka, na kito kinafunguliwa kwa ZO KATH RA, ukitanguliza alama ya nguvu kama kawaida. Andika hiyo kwenye jalada la daftari kwa wino, na muda ukifika kuna mzee chini huko anapaswa kuzingirwa kila upande.