Nigeria na Afrika Kusini wana hela, mbona hawauziani?

SWALI: Kaka wa safu, habari za kazi. Mimi niko Ujiji nauza mawese na vitenge, vitenge nachukua kwa Wakongo wanaoshukia Kibirizi, na mimi nawapa sukari, saruji, ndoo za plastiki, tumezoeana hadi mtu anabeba mzigo leo analipa akirudi. Sasa mwanangu yuko chuo kaniambia Nigeria na Afrika Kusini ni kati ya wakubwa wa Afrika kwa uchumi lakini wanachouziana ni mafuta tu. Nikamwambia unanitania, nchi kubwa zile? Hebu nieleweshe. – Mama wa Mawese, Ujiji

JIBU: Shikamoo mama. Mwanao hajakutania, kasema nusu tu. Mzigo wa Nigeria kwenda Afrika Kusini miaka yote karibu wote ni mafuta ghafi, ukiyatoa hayo vinabaki vitu vidogo vidogo. Kutoka Afrika Kusini zinarudi mashine, magari, karatasi, plastiki, maepo. Na mara nyingi Afrika Kusini ndo inayonunua zaidi ya inavyouza, maana meli moja ya mafuta utaifidia kwa maepo mangapi?

Nusu aliyoiacha ni hii: Afrika Kusini iliingia Nigeria kwa makampuni zaidi kuliko kwa makontena. MTN wa simu walianza kuuza laini kule 2001, Shoprite wenye supamaketi wakafungua 2005, DStv nao wapo, benki zipo, na faida ya kampuni haipiti forodha mama, kwahiyo ukisoma takwimu za bidhaa peke yake utadhani hawa watu hawajuani kabisa wakati Mnigeria anapiga simu kila siku kwa laini ya kampuni ya Johannesburg.

Ila makampuni hayo yamepata joto. 2015 serikali ya Nigeria iliipiga MTN faini ya dola bilioni 5.2 kwa laini ambazo hazijasajiliwa, wakavutana wee mpaka 2016 ikashuka ikawa naira bilioni 330. Tiger Brands wa Afrika Kusini walinunua hisa nyingi za kampuni ya unga ya Dangote, yule tajiri wa Nigeria, 2012, hasara ikawala, 2015 wakamrudishia Dangote mwenyewe kwa dola 1. Dola moja mama, hata kitenge cha kuchagulia hupati. Shoprite nao 2020 wakatangaza wanauza duka waondoke.

Shida ni nini? Wengi watakuambia ushuru, watakuambia chuki, mi nakuambia ni dola. Mteja wa Lagos analipa naira, mwenye kampuni anataka randi au dola, na dola za Nigeria kwa sehemu kubwa zinatoka kwenye mafuta. Bei ya mafuta ilipoanguka kuanzia 2014 dola zikakauka, benki kuu ikang'ang'ania bei yake ya kuchenji na mtaani wakawa na bei yao, kampuni ina magunia ya naira benki lakini kuyatoa nje haiwezi. Juni 2023 serikali ikaachia naira itafute bei yake yenyewe, kutoka naira mia nne na sitini hivi kwa dola, mwaka uliofuata ikavuka 1,500. Hesabu mwenyewe, faida uliyokuwa nayo mwaka jana leo imebaki theluthi na hujafanya kosa lolote. Wewe na Mkongo wako mnaliepuka hilo kwa sababu dola Kongo zinatembea mkononi kama hela ya kawaida, na akikosa dola ana kitenge.

Chuki ipo lakini, nisiifiche. 2019 wageni walishambuliwa Johannesburg, Nigeria ikasusia mkutano wa uchumi wa Cape Town, ikarudisha watu wake kwa ndege, na huku Nigeria vijana wakaenda kuvamia maduka ya Shoprite na MTN, ambayo waliokuwa wanafanya kazi humo ni Wanigeria wenzao.

Na hayo mafuta nayo yanabadilika. Kiwanda cha kusafisha mafuta cha Engen pale Durban kiliungua Desemba 2020, Sapref, kiwanda kingine cha huko huko, nao wakasimamisha 2022, sasa Afrika Kusini inaagiza zaidi petroli na dizeli iliyokwisha kusafishwa, ghafi ya Nigeria haiihitaji kama zamani. Upande wa pili Dangote kafungua kiwanda chake karibu na Lagos, mapipa 650,000 kwa siku, kilianza kazi 2024 na ghafi hiyo hiyo anaitaka yeye. Kwa mtazamo wangu biashara yao ikikua itakua hapo, Nigeria iuze mafuta yaliyosafishwa badala ya ghafi, sio kwenye mikataba. Mikataba wanayo, tume ya pamoja ya nchi hizi mbili ipo tangu 1999.

Halafu mama kwa vile wewe ni mtu wa mawese: Nigeria mpaka miaka ya 60 ilikuwa inaongoza dunia kuuza mawese nje. Petroli ikaja, mashamba yakasahaulika, leo bado inalima kuliko nchi yoyote Afrika lakini haijitoshelezi, inaagiza.

SWALI: Bro mi niko Urambo, tuna asali, naweza kuuza Nigeria bila ushuru? Nasikia Afrika ishakuwa soko moja. – Kijana wa Mizinga, Tabora

JIBU: Soko huru la Afrika, AfCFTA, lilianza rasmi Januari 2021 ila zaidi kwenye karatasi, na Tanzania iko kati ya nchi 8 zilizoanza majaribio 2022. Utahitaji cheti cha uasili wa bidhaa, kaulize ofisi ya TCCIA, chama cha wafanyabiashara, hapo Tabora, na ubora upitie TBS. Ila ushuru ndo kitu chepesi mdogo wangu, piga kwanza hesabu ya lori mpaka Dar na meli mpaka Lagos, afu umuulize mnunuzi atakulipa kwa hela gani. Kuna mfumo unaitwa PAPSS wa benki ya Afreximbank, ulizinduliwa 2022, mtu analipa kwa hela ya kwao na wewe unapokea ya kwenu, Nigeria imo. Muulize benki yako kama wanaufanyia kazi kabla hujajaza hata ndoo moja.

SWALI: Mwaka 2025 maepo ya Sauzi yalizuiwa, ilikuwaje? – Muuza Matunda, Mwanga, Kigoma

JIBU: Ndizi. Wao walikuwa hawaruhusu ndizi zetu kuingia kwao, miaka imepita tunaomba, Aprili 2025 Bashe, waziri wa kilimo wa wakati huo, akafunga mazao yao yote na ya Malawi pia waliokuwa wamezuia unga na mchele wetu. Siku chache tu wakakaa mezani, zuio likaondolewa. Kwahiyo agiza maepo yako ila usijaze stoo.