Kabla Hujashika Randa: Kwa Vijana Wanaotengeneza Vibao vya Harusi

Juzi nilimkuta mmoja wenu amebana kwenye jiliwa ubao uliotoka katika zizi la zamani, randa mkononi, akitaka kuusafisha kidogo kabla ya kuandika "Karibuni Harusini". Nilimzuia kwa ukali usiomstahili kijana mwema kama yeye, na ninamwomba radhi.

1. Utambue ubao kabla hujaugusa. Mbao zinazokaa nje huwa za kijivu kwa sababu jua huvunja lignini, ile gundi ya asili inayoshikamanisha nyuzi za mti, kisha mvua huiosha. Safu hiyo ya kijivu haifiki hata milimita 1, kwa hiyo miaka 30 ya jua na mvua huondoka kwa mpigo mmoja wa randa. Mimi nimewahi kuiondoa. Bibi harusi mmoja wa Bagamoyo aliniletea ubao wa mashua ya marehemu babu yake, akaniomba niandike juu yake majina mawili tu. Sikumwuliza neno. Nilikuwa nimezoea paini mpya, na mkono ukafuata mazoea: nikapiga randa pande zote mbili, kisha msasa namba 80, kisha 120, hadi mabaki ya rangi ya buluu na mikwaruzo ya kamba vikaishia sakafuni pamoja na takataka. Jioni nilipotambua nilichofanya, nilijaribu kuurudishia uzee kwa maji ya siki yaliyolowekwa stilwaya. Maji hayo hayaonyeshi rangi yake yote papo hapo, bali huendelea kukoza kwa saa kadhaa. Nami kwa haraka niliyapaka mara 3 mfululizo, nikaenda kulala. Asubuhi ubao ulikuwa mweusi kama mkaa. Bibi harusi hakunigombeza. Aliupapasa polepole mahali ilipokuwa mikwaruzo ya kamba, kisha akaniuliza kama kweli ulikuwa ubao ule ule. Nilimrudishia fedha zake zote, na swali lake ninalo hadi leo.

2. Kwa paini mpya unayotaka ionekane ya zamani, piga brashi ya waya kwa kufuata nyuzi ili sehemu laini zitoke na mistari migumu ibaki. Paini ina tanini kidogo, ile kemikali ya mti (iliyomo pia kwenye chai) inayoyafanya maji ya siki yenye stilwaya yakoze rangi, hivyo ipake chai nzito kwanza, iache ikauke, kisha paka maji ya siki mara moja tu na usubiri hadi kesho yake.

3. Kabla ya kuvunja paleti, yaani kichanja cha mbao cha kubebea mizigo, soma muhuri wake: HT maana yake imepashwa joto, lakini MB imefukizwa kwa methili bromidi, gesi ya sumu ya kuulia wadudu, na hiyo usiiingize karakanani.

4. Ukitaka rangi ionekane imebanduka, sugua mshumaa kwenye kingo kabla ya kupaka, kisha pitisha msasa. Majina yaandikwe yote kwa penseli kwanza, ukianzia katikati, na umalize kwa vanishi isiyong'aa.

5. Ubao uliotoka baharini uoshwe kwa maji yasiyo na chumvi, ukaukie kivulini. Mwenye ubao naye aulizwe ni kitu gani kisiguswe. Siku hizi huliandika jibu lake kwa chaki nyuma ya ubao siku ile ile ninapoupokea. Kijana wangu wa juzi akiugeuza ubao wake wa zizi, ataona nimeandika: alama za pembe za ng'ombe, ziachwe.