Maswali ya Wasomaji: Fedha na Vitu vya Thamani Ukiwa Mgeni Hotelini

SWALI: Ndugu Mshauri, mimi ni mfanyabiashara wa vitenge na viatu hapa Bwera, karibu na mpaka wa Mpondwe. Kila baada ya wiki tano au sita hupanda basi la usiku kwenda Kampala kununua bidhaa katika maduka ya jumla ya Kikuubo, nikiwa na shilingi kati ya milioni 4 na milioni 6 taslimu, pamoja na dola ninazolipwa na wateja wangu wa Kongo. Hulala siku mbili katika nyumba ya wageni iliyo karibu na kituo cha taksi. Safari iliyopita nilikwenda kuoga, kwa kuwa bafu liko nje ya chumba, na niliporudi nilikuta shilingi 850,000 zimetolewa katika bahasha niliyoiweka chini ya godoro. Zilizobaki hazikuguswa, na mlango ulikuwa umefungwa kama nilivyouacha. Mhudumu wa mapokezi alinionyesha tangazo ukutani lisemalo kwamba uongozi hauhusiki na mali ya mgeni itakayopotea. Je, nifiche wapi fedha zangu, na tangazo lile lina nguvu gani?
*Mfanyabiashara, Bwera*

JIBU: Pole sana, ndugu yangu. Mwizi anayechukua sehemu na kuacha nyingine hutaka mwenye mali ahesabu mara ya pili, ajishuku kwamba alikosea hesabu au alitumia njiani, kisha aondoke bila kelele. Na kwa kuwa mlango haukuvunjwa, aliyeingia alikuwa na ufunguo. Hata hivyo usikimbilie kumtaja mfanyakazi fulani, kwa sababu katika nyumba zinazotumia funguo za kawaida, mgeni aliyelala chumba hicho mwezi uliopita anaweza kuwa alichonga wa kwake kwa fundi wa barabarani na kuondoka nao. Kuhusu godoro, sina budi kukueleza wazi kwamba ndipo mahali pa kwanza panapotazamwa, na anayetandika kitanda hulinyanyua kila siku hata kama hana nia mbaya.

Umeniuliza ufiche wapi. Mimi ningeanza nyuma kidogo, kwa kuuliza kwa nini milioni sita zilifika chumbani. Tangu sheria ya taasisi za fedha iliporekebishwa mwaka 2016, benki za Uganda zinaruhusiwa kutumia mawakala, kwa hiyo mtu wa mji mdogo anaweza kuweka fedha kwa wakala wa benki aliye jirani naye na kuzitoa Kampala asubuhi ya siku ile ile ya kununua. Pesa za simu nazo zinafaa, ila zina gharama ambayo wafanyabiashara wengi huilalamikia: tangu mwaka 2018 serikali hutoza kodi ya asilimia 0.5 ya kiasi kinachotolewa, mbali na ada ya kampuni ya simu. Ukitoa milioni 4, kodi peke yake ni shilingi 20,000. Najua kwamba kwa mtu anayehesabu faida ya kila jora, hizo si fedha za kudharau, lakini linganisha na 850,000 ulizokwisha kupoteza. Tena kodi hiyo hukatwa wakati wa kutoa. Ukimlipa muuzaji wako wa jumla moja kwa moja kutoka katika akaunti ya benki, huna haja ya kubeba bunda lolote, na utabaki na rekodi ya malipo ambayo karatasi ya risiti iliyofutika wino haiwezi kukupa.

Dola zina shida yake. Watu wengi huzikunja na kuzitia katika soksi au chini ya wayo wa kiatu, wasijue kwamba maduka ya kubadilisha fedha hukagua noti kwa jicho kali: iliyochafuka, iliyopasuka au iliyoandikwa kwa kalamu hukataliwa au hununuliwa kwa bei ya chini, na hata noti safi ya dola 5 au 10 hupata bei ndogo kuliko ya 100. Jasho la safari moja ya basi linaweza kukupunguzia fedha bila mwizi kukugusa. Zibadilishe mapema kadiri uwezavyo, katika duka lenye leseni na si kwa kijana wa mpakani. Zitakazobaki ziweke zikiwa zimenyooka ndani ya bahasha ngumu, na uandike namba za noti hizo katika karatasi unayoihifadhi mbali nazo, au uzipige picha. Namba zitakusaidia kuthibitisha kwamba noti zilizokutwa kwa mtu ni zako.

Fedha ambazo lazima ulale nazo zigawe. Za matumizi ya siku ziwe mfukoni, na zile nyingine zikae kibindoni kama walivyofanya wazee wetu, au katika mkanda mwembamba wa kitambaa unaovaliwa chini ya shati. Bafu likiwa nje, nenda nao bafuni ukiwa umeufunga katika mfuko wa plastiki usiopitisha maji, uutundike mahali unapouona. Kuna watakaocheka, lakini ulipoibiwa ulikuwa unaoga.

Hoteli za ngazi ya kati huwa na sefu ndogo ndani ya kabati la nguo. Mimi siiamini sana, na nitakwambia sababu. Sefu hizo hufunguliwa kwa namba ya siri ya mgeni, lakini zina pia namba kuu au ufunguo wa dharura unaoshikwa na uongozi, kwa kuwa wageni husahau namba zao kila siku. Na pale ambapo hoteli haikubadilisha namba kuu iliyotoka nayo kiwandani, ambayo mara nyingi ni sifuri tupu au tarakimu moja iliyorudiwa, yeyote anayejua aina ya sefu anaweza kuifungua. Kabla ya kuitumia, isukume kwa mikono miwili uone kama imefungwa ukutani kwa bolti, kwa sababu isiyofungwa hubebwa nzima kama begi. Weka namba yako mlango wa sefu ukiwa wazi, ujaribu kufunga na kufungua kabla ya kutia kitu ndani, na usitumie mwaka wako wa kuzaliwa, ambao umeuandika kwa mkono wako katika fomu ya mapokezi.

Linalonipa moyo zaidi ni kumkabidhi meneja kwa maandishi. Hesabu fedha mbele yake na mbele ya shahidi mmoja, uzitie katika bahasha, uifunge, mtie saini nyote wawili juu ya mfuniko wake ili ikifunguliwa ionekane, kisha upewe stakabadhi inayotaja kiasi, tarehe, saa na jina la aliyepokea. Akisema kwamba watapokea bahasha bila kuandika kiasi, au kwamba daftari limekwisha, chukua fedha zako na utafute mahali pengine pa kulala. Mtu asiyetaka kuandika alichopokea hatakikumbuka kesho.

Sasa tangazo. Uganda ilipokea sheria ya mapokeo ya Kiingereza, yaani kanuni zilizojengwa na maamuzi ya mahakama, tarehe 11 Agosti 1902, na mapokeo hayo bado hutumika katika mahakama zetu pale ambapo sheria iliyoandikwa haikusema vinginevyo. Kwa mapokeo hayo, mwenye nyumba inayompokea msafiri yeyote mwenye uwezo wa kulipa huwajibika kwa mali ya mgeni iliyopotea ndani ya nyumba hiyo. Kesi mashuhuri katika jambo hili iliamuliwa Uingereza mwaka 1584 na ilihusu farasi: mgeni aliomba farasi wake apelekwe malishoni, akaibiwa huko, na mwenye nyumba hakuwajibika kwa sababu mnyama alitolewa nje kwa ombi la mgeni mwenyewe. Ilielezwa pia kwamba mwenye nyumba hawajibiki ikiwa aliyeiba ni mtumishi au mwenzi wa mgeni, na ndiyo maana rafiki mpya uliyekutana naye baa na kumkaribisha chumbani ni hasara yako mwenyewe. Kwa hiyo karatasi iliyobandikwa ukutani haitoshi peke yake kumwondolea mwenye hoteli wajibu pale ambapo mfanyakazi wake ameiba au yeye mwenyewe amezembea. Lakini nisikufurahishe bure: mahakama itatazama pia uzembe wako, na kuacha fedha chini ya godoro bila kumjulisha mtu hakutakusaidia, tena kwa 850,000, gharama ya wakili inaweza kuzidi unachodai. Ungeripoti siku ile ile katika kituo cha polisi kilicho karibu, ukapewa namba ya kumbukumbu ya daftari la kituo ambayo askari wetu huiita SD, ungekuwa na karatasi ya kumwonyesha mwenye nyumba katika mazungumzo. Likitokea tena, namba ya dharura ni 999 au 112, na chumba usikiguse mpaka askari wafike.

SWALI: Shikamoo Mshauri. Mwezi ujao nasafiri kwenda kwanjula, yaani sherehe ya kumtambulisha mchumba kwa wazazi, ya binti wa dada yangu mjini Masaka, na nitalala hotelini siku tatu. Nina mkufu na hereni za dhahabu alizoniachia marehemu mama yangu. Nizibebe vipi?
*Mama wa Harusi, Arua*

JIBU: Marahaba, mama. Zisiwe katika begi linalokaa kwenye buti la basi. Ziwe katika mkoba ulio mapajani mwako. Zipige picha kabla ya kuondoka, moja ukiwa umezivaa na nyingine zikiwa juu ya kitambaa cheupe. Siku ambazo si za sherehe mkabidhi meneja kwa utaratibu nilioueleza hapo juu, na siku yenyewe zivae moja kwa moja, kwani vitu vidogo vya dhahabu hupotea zaidi kwenye sinki la kunawia na katika mashuka yanayopelekwa kufuliwa kuliko mikononi mwa wezi. Na kama gomesi lako, lile gauni la sherehe, linapendeza kwa shanga, mama, wacha dhahabu Arua.

SWALI: Ndugu Mshauri, ninasafisha vyumba katika hoteli moja ya Entebbe. Mgeni alidai kwamba dola 200 zimepotea mezani kwake, na msimamizi akaniambia nitafukuzwa. Sikuziona fedha hizo. Nifanye nini?
*Mhudumu wa Vyumba, Entebbe*

JIBU: Barua yako nimeisoma mara mbili, kwa sababu katika mambo haya huzungumzwa hasara ya mgeni na kusahauliwa ya mfanyakazi. Kama milango ya hoteli yenu hufunguliwa kwa kadi, omba kwa maandishi kumbukumbu ya kitasa isomwe. Vitasa vingi vya aina hiyo huhifadhi ni kadi gani iliyofungua na saa ngapi, na huenda ikaonekana kwamba mwingine aliingia baada yako, au kwamba mgeni mwenyewe alirudi. Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri akueleze sababu anayoifikiria kabla ya kukufukuza kwa kosa la utovu wa nidhamu, akusikilize, na akuruhusu uje na mtu mwingine unayemchagua mwenyewe. Usitie saini karatasi yoyote inayosema kwamba umekubali kulipa.

Kwa siku zijazo, ukikuta fedha wazi mezani, usizihesabu na usizisogeze ili upanguse vumbi. Toka, funga mlango, mwite msimamizi aje aone, na muandike katika daftari la zamu saa mliyoziona na kwamba chumba hakikusafishwa kwa sababu hiyo. Mgeni atakayelalamika kwamba chumba chake hakikufagiliwa ataonyeshwa daftari hilo.