Mtoto wa Duchenne kwenye milima ya Bukavu: mumbebe wakati wa kushuka

Bukavu, mashariki mwa Kongo, ni mji wa kupanda na kushuka, na hapo ndipo kosa la kwanza linapoanzia. Wazazi wa mtoto mwenye ugonjwa wa Duchenne, ule unaoharibu misuli kidogo kidogo, humbeba mgongoni wakati wa kupanda, kisha wakati wa kushuka kutoka mtaa wa Kadutu wanamwachia atembee, kwa kuwa kushuka kunaonekana rahisi. Ingefaa iwe kinyume. Kupanda kunamchosha, kushuka kunamuumiza, na sababu iko ndani ya jeni moja.

Jeni hiyo inaitwa DMD, nayo iko kwenye kromosomu X. Ni miongoni mwa jeni kubwa kabisa za binadamu: ina urefu wa herufi milioni 2.2 hivi, lakini maagizo yenyewe ya kutengeneza protini hayafiki herufi 12,000, tena yamekatwa vipande 79 vinavyoitwa eksoni. Ugonjwa wenyewe ulielezwa na daktari Mfaransa Guillaume Duchenne tangu miaka ya 1860. Protini inayokosekana ilikuja kujulikana mwaka 1987, kwa kazi ya kikundi cha Louis Kunkel huko Boston, nayo ikapewa jina distrofini.

Distrofini ni kamba. Upande mmoja umeshika aktini, zile nyuzi za ndani ya seli ya msuli. Upande wa pili umefungwa kwenye protini za utando wa seli, na katikati kuna vipande 24 vinavyofanana, vinavyoifanya iwe ndefu na inyumbuke. Msuli ukivuta, kamba hii inagawa nguvu ili utando usichanike. Ikikosekana, utando unapasuka vitundu vidogo, kalsiamu inaingia ndani kupita kiasi, seli inakufa, na mahali pake panajaa mafuta na kovu.

Sasa angalia paja la mtu anayeshuka mlima. Msuli wa mbele unavuta ili goti lisikunjike, na papo hapo uzito wa mwili unaurefusha. Kuvuta huku unarefushwa ndiko kunakochana utando kuliko kazi nyingine yoyote ya msuli. Basi kwenye ngazi na miteremko mbebeni, au apande pikipiki. Kurukaruka, kubeba bidoni ya lita 20, na yale mazoezi ya kumkomaza anayopewa na wajomba wenye nia njema, vyote viachwe. Kutembea mahali tambarare ni kuzuri, na kucheza majini ni kuzuri zaidi, mtu mzima akiwa karibu. Siku mkojo wake ukitoka na rangi ya chai nyeusi, misuli mingi imeharibika kwa mara moja. Mpelekeni hospitali siku hiyohiyo.

Kumtambua hakuhitaji mashine. Mkalishe mtoto sakafuni, miguu imenyooka, umwambie asimame bila kushika kiti wala ukuta. Mtoto mzima wa miaka 4 anainuka tu. Huyu anajigeuza kwanza kifudifudi, anainua matako mikono ikiwa bado chini, anaivuta mikono karibu na miguu, anaweka mkono mmoja kwenye goti, halafu wa pili, kisha anajikwea mwenyewe kwa kusukuma mapaja mpaka mgongo unyooke. Tazama pia mashavu ya miguu: ni manene na magumu, mtu anaweza kudhani ni ya mwanariadha, kumbe nguvu hakuna. Anatembea akiyumba kama bata, na anaangukaanguka kuliko wenzake.

Labo ndiko wengi wanakopotezwa. Mara nyingi kinachopimwa kwanza ni TGO na TGP, vimeng'enya vinavyojulikana kama vya ini, zinatoka juu, na mtoto anatibiwa ini miezi mingi. Vimeng'enya hivyo vimo ndani ya misuli pia. Ombeni gamma-GT, kimeng'enya cha ini ambacho hakitoki kwenye misuli: ikiwa ya kawaida huku TGO na TGP ziko juu, usilaumu ini, elekea kwenye misuli. Kipimo chenyewe ni CK, kimeng'enya cha misuli, wengine wanaandika CPK. Kwa kawaida haipiti 200 hivi. Kwa mtoto wa Duchenne ni maelfu, mara nyingi zaidi ya 10,000. Asichomwe sindano ya msuli siku chache kabla ya kutoa damu hiyo, maana nayo inapandisha CK kidogo na kuchanganya watu.

Uhakika unatoka kwenye kipimo cha jeni, na damu hiyo inasafirishwa nje ya mji. Itolewe mililita 2 hadi 4 kwenye kichupa chenye kifuniko cha zambarau, cha EDTA, kigeuzwe taratibu mara 8 hadi 10 ili isigande. Kichupa cha kijani chenye heparini kinaweza kuharibu kazi ya maabara. Msiigandishe kwenye frigo. Ikae baridi tu. Omba MLPA kwanza, kipimo kinachohesabu kama kuna eksoni iliyopotea au iliyorudiwa. Kinawapata watoto wengi, lakini si wote: MLPA ikitoka safi huku dalili zipo, jeni isomwe herufi kwa herufi.

Majibu yatataja «fremu», na neno hili linafaa kueleweka vizuri. Seli husoma jeni herufi 3 kwa 3. Chukua sentensi hii: MTU AJE ALE UJI LEO. Ondoa neno zima AJE, inabaki MTU ALE UJI LEO. Imefupika lakini inasomeka. Sasa rudisha sentensi nzima, kisha ondoa herufi T peke yake: MUA JEA LEU JIL EO. Hakuna kitu. Kipande kikipotea bila kuvuruga hesabu ya 3, kamba inatengenezwa fupi lakini bado inashika pande zote mbili, na kwa kawaida ugonjwa ni ule mwepesi zaidi, wa Becker. Hesabu ikivurugika, kamba haipatikani, na hiyo ndiyo Duchenne. Ndiyo maana kijana aliyekosa eksoni nyingi anaweza kuwa na nafuu kuliko aliyekosa moja.

Dawa inayopatikana hapa kwetu ni prednizoni au prednizoloni. Hairudishi kamba, ila inapunguza uvimbe wa ndani ya misuli na kumwongezea mtoto muda wa kutembea, mara nyingi miaka 2 au 3. Dozi ya kuanzia inayotumika duniani ni miligramu 0.75 kwa kila kilo kwa siku. Mtoto wa kilo 20 anapata miligramu 15, yaani vidonge 3 vya 5, asubuhi baada ya kula. Daktari ndiye anayeianzisha na kuirekebisha, kwa kawaida kati ya miaka 4 na 6, kabla nguvu za mtoto hazijaanza kupungua. Kabla ya kidonge cha kwanza mambo matatu yamalizwe: chanjo zilizo hai kama surua na homa ya manjano, uchunguzi wa kifua kikuu, na dawa ya minyoo, hasa strongiloidi wa kwenye udongo wenye maji, ambaye prednizoni humwachia nafasi ya kuzaliana mpaka kuua. Hamu ya kula itapanda. Punguza chumvi na sukari, ongeza sambaza, wale samaki wadogo wanaoliwa na mifupa yao, kwa ajili ya kalsiamu.

Kosa kubwa hapa ni kuikatisha ghafla. Barabara imefungwa, famasi imeishiwa, mtoto anakaa wiki bila dawa. Mwili uliozoea prednizoni umeacha kujitengenezea homoni yake. Mtoto anaanza kutapika, shinikizo la damu linaanguka, anaweza kufa. Wekeni akiba ya mwezi mzima. Akitapika vidonge, apelekwe kupewa haidrokotizoni kwa sindano. Na asibadilishiwe deksametazoni kwa sababu eti ni «jamaa moja».

Kila jioni, vifundo vya miguu. Mtoto alale chali, goti limenyooka. Shika kisigino kwa kiganja, nyayo ilale kwenye mkono wako wa ndani, kisha egemea polepole mpaka vidole vielekee usoni kwake. Vuta kisigino, usisukume vidole, ukisukuma vidole unapinda katikati ya mguu na kano ya nyuma inabaki fupi. Shikilia sekunde 20, mara 10, kila mguu. Asilie, akilia umezidisha. Usiku avae ateli, kile kifaa kigumu kinachoushika mguu kwenye pembe mraba. Kwa vifaa, anzeni kuuliza Heri Kwetu, kituo cha watu wenye ulemavu hapa mjini.

Moyo nao ni msuli. Eko, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, ifanywe ugonjwa unapojulikana, kisha kila mwaka. Muulizeni daktari kuhusu enalaprili, dawa ya kulinda moyo, kufikia miaka 10, hata eko ikiwa nzuri.

Akipelekwa kupasuliwa, hata henia tu, anayemlaza usingizi lazima ajue. Bandikeni nyuma ya kitabu chake cha hospitali karatasi hii, kwa Kifaransa, kwa kalamu nyekundu: «Dystrophie musculaire de Duchenne. Pas de succinylcholine (suxaméthonium). Pas d'halothane.» Dawa hizo mbili zinapasua misuli isiyo na distrofini, potasiamu inamwagika kwenye damu, moyo unasimama mezani. Ketamini haina hatari hiyo.

Na kwa familia zinazomnyooshea mama kidole, au kusema jirani alimpa mtoto karuho, yaani sumu: karibu theluthi moja ya watoto hawa, hitilafu imeanza kwao wenyewe, mama hana. Wengine mama anaibeba bila kujua, na kila mtoto wa kiume atakayemzaa ana nafasi nusu kwa nusu ya kuugua, kila wa kike nusu kwa nusu ya kuibeba. Mama apimwe jeni ileile iliyopatikana kwa mwanawe, kisha mabinti wakishakua. Anayeibeba afanyiwe eko pia, kwa sababu moyo wake unaweza kudhoofika hata kama miguu yake ni mizima.