Dada mtu naye ni mtoto

SWALI: Mwanangu wa kiume, miaka 6, ana mtindio wa ubongo, hakai wala hatembei mwenyewe. Dada yake wa miaka 11 humlisha na kumbeba. Siku hizi amenuna, haleti wenzake nyumbani, na juzi nimemkuta akimfinya mdogo wake. Nikamchapa. Nifanye nini? – Mama, Makorora, Tanga

JIBU: Pole, mama. Usimchape tena kwa hilo. Hasira yake haikupata pa kutokea. Mwambie: “Kumkasirikia si kosa, kumuumiza ndiko nisikokubali. Ukichoka niite.” Naye akikuita, inuka uende.

Kumlisha mwondolee kabisa. Mtoto mwenye mtindio akilishwa amelala chali, au kichwa kimeanguka nyuma, uji huingia njia ya hewa. Hupaliwa, pengine akapata nimonia. Usimwache binti abebe hatia hiyo. Alishwe na mtu mzima: akae wima, kidevu kiiname kidogo, kijiko kiwe kidogo, na ameze kwanza ndipo kije kingine. Kumbeba pia basi, mgongo wa miaka 11 haujakomaa. Amwimbie au amchezeshe akipenda mwenyewe.

Kila siku mpe robo saa yake peke yake, saa ileile, mdogo akiwa kwa baba au bibi. Msizungumze habari za mdogo ila aanze yeye. Wazazi wengi hukwama hapa: mdogo akiugua, robo saa inafutwa kimyakimya. Mwambie kwamba leo imeshindikana, na kesho umlipe.

Mweleze ugonjwa wenyewe, maana uani atasikia laana na majini, au atadhani yeye ndiye chanzo: “Ubongo wake uliumia alipokuwa tumboni, wakati wa kuzaliwa au uchangani. Hauambukizi. Hukusababisha wewe.” Kwa wenzake apate jibu fupi, “Misuli yake haimtii,” na mlifanyie mazoezi nyumbani hadi alitamke bila kuinama.

Na kama mmezoea kumwambia lile neno “mimi nikifa utamtunza wewe,” tafadhali liacheni. Linamnyima usingizi. Mipango hiyo ni ya wakubwa: baba, wajomba, mama wadogo.

Wiki 2 zikipita binti bado hali chakula vizuri, halali au analia ovyo, mpeleke hospitali ya Bombo, uulize afisa ustawi wa jamii. Akitaja kujidhuru, nendeni siku hiyohiyo.