Kwa karani mpya wa vikao: barua ya mdau na siku zake

Wadogo zangu mnaoanza kazi kwenye ofisi za vikao, msibabaishwe na ukumbi. Siku ya Baraza la Madiwani meya kavaa joho, waandishi wamejaa, mheshimiwa anagonga meza kwa ajili ya barabara ya kata yake. Utadhani vipaumbele vinapangwa hapo. Mara nyingi hapo panapigwa mhuri tu. Jambo lilishapita mkutano wa mtaa, Kamati ya Maendeleo ya Kata, wakuu wa idara, kisha kamati za kudumu, hasa ile ya Fedha.

Nililijua hilo kwa aibu. Mwaka wangu wa pili, kwenye halmashauri moja ya huku ziwani, akina mama wauza dagaa walileta barua. Ushuru ulikuwa unatozwa kwa gunia, wao walitaka utozwe kwa kilo. Barua safi, ina mhuri wa kikundi na sahihi za kutosha. Ilikuwa Machi. Nikaigonga "imepokelewa", nikaiingiza kwenye Mengineyo, yale ya mwishomwisho wa ajenda, ya Baraza lililofuata, nikajiona nimewasaidia. Walikuja na vitenge vya sare, wakakaa viti vya nyuma tangu asubuhi. Mengineyo yalifikiwa saa tisa, waheshimiwa wanatazama saa. Mwenyekiti akasema lipelekwe kamati husika. Haikuzidi dakika moja. Na bajeti ilishapitishwa Februari, makisio ya ushuru uleule yakiwa ndani. Wakasubiri mwaka mzima kwa uzembe wangu.

Kwa hiyo shikeni kalenda. Mwaka wa fedha unaanza 1 Julai, lakini Baraza hupitisha makisio miezi kadhaa kabla, ili yapite mkoani na TAMISEMI, ofisi ya serikali kuu inayosimamia mikoa na serikali za mitaa, ndipo yafike bungeni. Mdau mwenye hoja inayogusa pesa mwambie aje Septemba au Oktoba. Kama inadai sheria ndogo, muongezee miezi: mwanasheria aandike rasimu, wananchi watangaziwe watoe maoni na pingamizi, Baraza lipitishe, iende kwa Waziri mwenye dhamana ya serikali za mitaa, halafu ichapwe kwenye Gazeti la Serikali. Kabla ya hapo mgambo hana cha kushika, hata kama ukumbi mzima ulipiga makofi.

Uliza pia anatoka wapi. Hapa Mwanza kila mtu anasema "Jiji", wakati mji una halmashauri mbili: Jiji upande wa Nyamagana, na Manispaa ya Ilemela. Mwenye shida ya Igoma au stendi ya Nyegezi ni wa Jiji. Wa Mwaloni, Kirumba, ni wa Ilemela. Nimeona barua ikikaa miezi kwenye faili la ofisi isiyohusika, na mwenyewe anaendelea kumlaumu diwani.

Kuhusu wanaokuja kushawishi. Chicago mshawishi wa kulipwa hujisajili na kuwataja wateja wake. Huku sijawahi kuona daftari la namna hiyo. Anakuja kama kiongozi wa machinga, mwenye ghala, au mwenye kiwanja cha ufukweni anayetaka kibadilishiwe matumizi. Wapokeeni wote, ofisini, mlango wazi, kwa barua. Anayepiga kelele hana neno. Mchungeni yule mpole anayeomba "kabrasha nilipitie tu kidogo" kabla halijagawiwa kwa madiwani, kisha anaacha bahasha ya maji. Mshahara wenu naujua. Irudisheni palepale, mwenzako akiona. Na diwani mwenye maslahi kwenye hoja anatakiwa atamke na asishiriki. Andika kwenye muhtasari alivyotamka na saa aliyotoka. Atakununia. Atapoa.

Akina mama walirudi Septemba. Niliwaambia safari hii waje na mzani. Wakaweka mbele ya kamati magunia mawili ambayo kwenye stakabadhi kila moja ni "gunia 1". Moja lilikuwa lumbesa, limeshonewa kilemba cha wavu juu, dagaa wanachungulia. Lilizidi mwenzake karibu ndoo nzima. Aliyeshtuka wa kwanza alikuwa mweka hazina, maana alikuwa anaangalia mapato yake yakipita pale kwenye kilemba. Akina mama walilalamika kwamba mwenye gunia dogo anaonewa. Yeye aliona mwenye gunia kubwa anakwepa. Tangu siku hiyo idara ya fedha ndiyo iliyokuwa ikinipigia simu kuuliza rasimu imefika wapi, na wajumbe wakaacha kuuliza nani kawatuma wale mama.

Gazeti la Serikali lenye sheria ndogo yao lilipotoka, mwenyekiti wao alikuja kuomba kopi. Akaipeleka steshenari ikawekewa nailoni, akaitundika mlangoni pa ghala, usawa wa macho ya mtoza ushuru.